Mwimbaji wa Tangi la Maji

Siku ya sendofu ya mjukuu wangu Upendo, ndiyo sherehe ya kumuaga bibi harusi, katika ukumbi mmoja wa kule Columbia, Maryland, tuliokuwepo ni hawa. Mimi bibi yake, nimekalishwa meza ya mbele na kilemba ambacho sikukichagua. Binti yangu Tumaini, mama yake Upendo, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee. Daudi, mchumba, mtoto wa Warundi, aliyejuana na Upendo chuoni College Park. Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, anayeingia zamu moja na Tumaini, na siku ile ndiye aliyepika sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. Nyambura, Mkenya, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara pale Temple Hills, ndiye aliyeshika maikrofoni. Wengine walikuwa wengi na majina yao ninayo yote, lakini nikianza kuyapanga hapa sitafika ninakokwenda.

Na alikuwepo mtu mmoja asiye ndugu wa mtu yeyote mle ndani. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mzungu wa Australia, mwimbaji wa muziki wa kantri. Alikaa karibu na mlango, gitaa amelilaza mapajani kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu.

Jina lake nalijua. Nayajua yote mawili, lile alilopewa na mama yake na lile lililoandikwa kwenye santuri. Siyaandiki kwa sababu mwenyewe aliniambia la kwanza lilizikwa na mama na la pili ni mali ya kampuni. Sisi tulimwita Mwimbaji, naye aliitika. Mimi aliniita Misisi.

Watu wanashangaa mimi, niliyeishia darasa la tatu, nilizungumzaje na Mwaustralia. Jibu ni rahisi. Kwetu Ugogo wamisheni walikuwa Waaustralia. Alikuwepo muuguzi mmoja, Sista Edna, nilifua nguo zake tangu nilipokuwa msichana mpaka nikaolewa, na Kiingereza changu chote, kidogo hicho, nilikiokota kwenye kinywa chake. Nilipokuja Maryland kulea mjukuu sikumwelewa mtu. Dukani sielewi, kanisani sielewi, kwenye televisheni ndiyo kabisa. Halafu asubuhi moja jirani anatoka, anatazama juu, anasema kuna joto leo na mvua hakuna, na mimi nimesikia kila neno. Nilisimama pale na ufagio wangu nikajisikia kama nimerudishwa nyumbani kwa mlango wa nyuma. Nikamjibu. Akaniuliza Kiingereza hicho nimekitoa wapi, mbona ninaongea kama shangazi yake.

Chai aliipika nyuma ya nyumba, kwenye kopo lenye mpini wa waya, juu ya moto wa kuni, na jiko la umeme analo ndani. Ikishachemka analishika kopo kwa mpini, analizungusha mkono mzima, juu, chini, juu, majani yatulie, na tone halimwagiki. Upendo alipokuwa mdogo alitaka sana kujaribu. Tumaini akamwambia akijaribu atakwenda shule na mkono wa bandeji. Mzee mwenyewe alikuwa na kofia ya ngozi yenye ukingo mpana, hakuivua hata mezani. Jambo hilo Nyambura alilisema sana, kwamba mzee wa watu hana adabu. Baadaye tulijua sababu, nami nitaifikia.

Maneno alikuwa nayo machache. Alisema mtu anayeimba kwa kazi anajifunza kunyamaza kama mpishi anavyojifunza kutoonja kila kitu. Alinifundisha jambo moja ambalo nimewaambia wengi, hata wanakwaya wetu. Alisema ukisimama mbele ya watu usiwaimbie wote, hutawaweza. Tafuta mmoja aliyechoka kuliko wenzake, umwimbie huyo, wengine watasogea wenyewe kusikiliza.

Maisha yake ya uimbaji alinisimulia vipande vipande, hakuvipanga, nami sivipangi. Aliendesha malori ya ng'ombe, na jioni akaimba kwenye vilabu vya pombe vya njiani ambako hakuna mji, ni kilabu tu na vumbi. Aliimba kwenye maonyesho ya mifugo, amesimama juu ya lori, kati ya mashindano na mashindano. Fahali aliyeshinda akiletwa, sharti anyamaze katikati ya mstari mpaka fahali apite. Alisema alijifunza heshima kwa fahali. Nikamwambia kwetu pia ng'ombe ni mgeni rasmi. Nchi yake aliyonieleza, vumbi jekundu, miba, mifugo imesimama inamtazama mtu kama yeye ndiye aliyeficha mvua, mimi sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Wimbo uliomtoa ulikuwa wa tangi la maji. Kwao kila nyumba ya shamba ina tangi la bati linalokinga maji ya paa. Wakati wa ukame baba wa nyumba hutoka jioni, analigonga tangi kwa kifundo cha kidole, anaanzia juu akishuka. Palipo patupu pana mlio, palipo na maji pamekufa sauti. Hapo ndipo anapojua familia imebakiwa na nini. Ndio wimbo wenyewe. Baba anagonga, kila beti kidole kinashuka chini zaidi, watoto wako kitandani wanasikiliza. Beti la mwisho mvua inanyesha, baba anatoka kugonga, tangi halilii tena hata juu kabisa. Kati ya maneno alilipiga gitaa kwenye ubao, tak, tak, ukasikia bati. Wimbo huo ulichezwa redioni kwao mpaka kina mama wakawa wanawalalishia watoto. Kampuni ikambadilisha jina, ikampa koti lenye shanga, ikamleta Amerika na kundi zima.

Kundi lile lilivunjika majira ya baridi ya kwanza. Kiongozi aliondoka na gari na vyombo. Mwimbaji akabaki katika mji wa watu, akaketi barabarani, akaweka kofia chini, akaimba. Ilipita wiki, akaja mama mmoja aliyevaa vizuri, akaangusha sarafu kwenye kofia katikati ya beti, hakusimama, hakutazama, akaendelea na safari yake. Aliniambia: njaa aliizoea, lakini yule mama hakungoja hata beti liishe. Aliiokota kofia, akaivaa, na tangu siku ile haikutoka kichwani mbele za watu. Akaja huku Maryland, akaoa mwanamke wa huku, marehemu sasa, na miaka yote iliyobaki akaimba kila mwisho wa wiki kwenye baa na kumbi za wanajeshi wastaafu. Alilipwa kwa makubaliano, baada ya kumaliza.

Alikuwa mtu wa kujipinga. Aliimba habari za farasi, na alimwogopa mbwa wa Nyambura, kijibwa cha kubeba mkononi. Aliimba kurudi nyumbani, na nyumbani hakurudi. Binti yake Heather alimpigia simu kutoka Australia kila Jumapili, wakaongea hali ya hewa, basi. Nilimuuliza mbona haendi. Akasema akienda atalazimika kunyamaza, kwa sababu nyimbo zake zote ni za mtu aliye mbali. Nikamwambia hiyo ni sababu ya kipumbavu. Akakubali, akanimiminia chai.

Sasa nifike kwenye koo. Sauti yake ilianza kukwaruza, akasema ni vumbi la utotoni linatoka. Tumaini, ambaye jicho lake limezoea wazee, hakulipenda vumbi hilo, akampeleka hospitali kwa gari lake. Wakakuta uvimbe. Daktari akasema ukatwe mapema, na kwamba atapona lakini sauti isitegemewe. Akichelewa, hata kupona kusitegemewe. Mwimbaji akasikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani, akakaa. Tarehe akapewa, akaipitisha. Akapewa nyingine.

Tumaini alimfuata akamsema kama anavyotusema sisi. Mzee akamjibu kwamba baa aliyoimba miaka yote imeweka televisheni mahali alipokuwa anasimama, na mara ya mwisho aliimba hapo watu wakiangalia mpira. Hawezi kuiacha sauti yake pale. Akasema: "Niimbe mara moja mahali ambapo watu wanasikiliza, mpaka mwisho wa wimbo. Halafu wakate."

Tumaini akalia jikoni kwangu kwa hasira. Upendo alikuwa amekaa hapo na simu yake, akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, kwamba basi aje aimbe kwenye sendofu. Ndivyo ilivyokuwa. Ugonjwa wake tuliujua watatu tu, na hatukumwambia mtu. Hilo mlishike.

Basi siku ya sendofu ikafika, Nyambura akamwita mbele. Alimtambulisha vizuri, akasema huyu ni jirani yetu, mwimbaji wa redio wa kwao, watoto mtulie. Mwimbaji akavuta kiti, akakaa, akatazama ukumbi taratibu, nikajua anamtafuta aliyechoka. Macho yakatua kwangu. Akaanza tangi la maji.

Mimi nimesikia waimbaji wengi, sisi Wagogo hatuna haya katika jambo hilo. Lakini ile sauti iliyokwaruzika ilikuwa kama bati lenyewe. Watu hawakujua maneno, ila walipoisikia ile tak, tak kwenye ubao, wazee wote waliowahi kuishi ukame wakainua vichwa. Hata vijana wa meza ya nyuma waliacha kuchezea simu. Mama Furaha akanishika mkono akasema: "Mama, uyu muzee anaimba sawa mutu alikunywa vumbi." Na machozi yanamtoka.

Basi alifika beti la nne, tangi limebaki kidogo chini kabisa. Mama Furaha hakuweza tena kukaa. Akasimama, akafungua pochi, akaenda anacheza polepole, kitenge kimezungushwa kiunoni, akamtuza. Nani kati yetu angemzuia? Wimbo ukikushika unakwenda, hungojei. Alichomeka noti kwenye utepe wa kofia. Nyuma yake akaja Nyambura, nyuma yake mama yake Daudi, noti begani, noti kwenye kola, vigelegele, foleni imefika mlangoni. Tulikuwa tunampa heshima kubwa kuliko zote tulizonazo.

Mkono wa Mwimbaji ukasimama juu ya nyuzi.

Alikaa hivyo, noti zimemwota mwilini. Halafu akazitoa moja moja, akazipanga juu ya meza ya keki. Akalichukua gitaa, akapita karibu na Tumaini, akamwambia kwa sauti ndogo, "Kumbe uliwaambia." Akatoka nje akaenda kukaa ndani ya gari.

DJ akafungulia muziki. Wengine wakadhani ndio mwisho. Mama Furaha akabaki amesimama na pochi wazi, akaniuliza amekosa nini, alitoa noti mpya kabisa.

Njiani kurudi Temple Hills alikaa kiti cha mbele, Tumaini anaendesha. Tumaini alijaribu kumweleza kwamba hakusema kitu kwa mtu. Mzee akasema hamlaumu, watu wema husema. Alipofika mlangoni kwake alitamka tu kwamba ile haihesabiki, haikufika mwisho. Tumaini akaniangalia, tukaelewana. Tarehe ya hospitali ilikuwa baada ya harusi, na hii nayo ataipitisha, na hizo tarehe haziko bila kikomo.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilienda kwake. Kumweleza mila kwa Kiingereza cha Sista Edna nisingeweza, mimi najua sabuni, dawa, joto na mvua. Nikachukua ndoo ya plastiki, ile iliyokuja na achari, nikaiweka kibarazani kwake, nikakaa nayo kwenye ngazi. Ujana wangu nilipiga muheme. Ni ngoma ya wanawake kwetu, unaibana mapajani, mabega ndiyo yanayoongea. Tumaini nilimwambia alete watu wa jana walio karibu. Akaja yeye, Upendo, Daudi, Mama Furaha na Nyambura, bado wana nguo za kanisani. Nikaibana ndoo nikaanza.

Mwimbaji akafungua mlango. Alisimama pale na kopo lake la chai.

Niliimba wimbo wa mavuno wa kwetu, na mabega, wacha nijisifu, yalikuja. Kufika katikati Mama Furaha hakungoja kuambiwa. Akaja anacheza, akanibandika noti kwenye kipaji cha uso. Upendo akanichomekea kilembani. Nyambura akasema huyu shosho ametuweza kabisa, akaniwekea begani. Sikusimama. Niliinua shingo, nikapiga zaidi, noti zinanicheza usoni, na nilikuwa namtazama yeye macho kwa macho. Mjukuu wangu, damu yangu, ananipa noti, na mimi si ombaomba. Nilimwona anaangalia noti, anaangalia uso wangu, anarudi kwenye noti.

Nilipomaliza nikamwambia maneno niliyoyatayarisha kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Nilimwambia:

"Kwetu hatungoji wimbo uishe. Wimbo mbaya ndio tunaongoja uishe. Na jana umemwachia mjukuu wangu ukame. Anaolewa Jumamosi. Mpe mvua yake."

Aliweka kopo chini, akaingia ndani. Nyambura akanong'ona kwamba mzee amekasirika tena. Akarudi na gitaa.

Akamwita Mama Furaha asogee, akamtazama yeye, maana siku ile aliyechoka alikuwa ni Mama Furaha, hakulala usiku mzima kwa kuwaza. Hakuanza wimbo upya. Alianzia palepale alipokatishwa, beti la nne, kidole kiko chini kabisa ya tangi. Halafu ikaja mvua. Sauti ilimpotea mahali pawili na hakuona haya, aliingojea ikarudi. Mama Furaha alikaa mikono mapajani, amejizuia, ana hofu. Mwimbaji, bila kuacha kuimba, akamwinamishia kofia.

Basi akaenda. Tukaenda wote. Daudi mwenyewe alikwenda, na Warundi wa kwao hawana sana mchezo huo. Alipopiga lile pigo la mwisho kwenye ubao, tangi limejaa, alikuwa na noti mpaka kwenye buti. Akavua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache, hatukuwahi kuziona. Akaniuliza hizi afanye nini. Nikamwambia anunue nyama, tule.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Tarehe yake ilipofika, Tumaini alimpeleka hospitali asubuhi, naye akaingia kwa miguu yake.

Alipona. Sauti haikurudi. Heather alikuja kumchukua, mama mpole mwenye sauti ileile ya Sista Edna, na nyumba ya jirani ikajaa maboksi. Siku ya kuondoka nilienda kumuaga. Alikuwa amekaa kibarazani kwenye jua, skafu shingoni, kofia imewekwa gotini. Nilimwambia mbukwa, salamu ya kwetu niliyomfundisha, akaitikia kwa mkono. Maongezi yetu ya zamani, joto, mvua, niliyafanya peke yangu, upande wangu na upande wake. Halafu yakaisha.

Nikaona anamtafuta mtu aliyechoka, tabia haimtoki mtu. Safari hii hakuwepo mwingine isipokuwa yeye. Nikaenda nyumbani nikaleta ndoo ya achari.

Nilimwimbia tangi la maji. Maneno ya Kiingereza sikuyajua yote, nikayajaza kwa Kigogo, na pale penye kugonga nikaigonga ndoo kwa kifundo cha kidole, nikishuka. Kufika katikati, Mwimbaji akashika mkono wa kiti, akasimama. Heather akataka kumsaidia, akamkataza. Akaja kwangu kwa hatua ndogo, mabega anayachezesha kidogo, vibaya sana, kama Mzungu, akatoa noti mfukoni na kuichomeka kilembani mwangu. Hakungoja beti liishe.

Halafu alibaki amesimama mbele yangu. Akajigonga tumboni kwa kifundo cha kidole, akapanda, akajigonga kifuani, akapanda tena mpaka kwenye skafu, juu ya kovu. Hapo akaulaza mkono wake, akanionyesha. Maji yamefika hapa.

Noti ile ninayo, sijainunulia nyama. Tumaini anasema kofia haikuwa gotini ilikuwa kichwani, na Nyambura anashikilia kwamba kule kwenye sendofu yeye ndiye aliyetangulia kutuza na Mama Furaha alimfuata. Mimi nimeandika nilivyoona. Mama yake Daudi alikaa meza ya tatu au ya pili, hapo sina hakika. Mliokuwepo Columbia, na wewe Heather kama kuna wa kukusomea, nilipokosea niambieni, nirekebishe nikiwa bado nakumbuka.